Funika Kombe, Harusi Ipite

Filamu ya Monsoon Wedding inaanza na baba anayegombana na maua. Lango la maua ya rangi ya machungwa limeanza kupukutika kabla mgeni yeyote hajafika, na Lalit Verma, mwenye nyumba na babake bibi harusi, anayaokota huku akimwita kwa makelele fundi wa mahema ambaye hapatikani. Utacheka, na umekusudiwa ucheke. Mimi nimeitazama filamu hii ya Mira Nair mara nne sasa, na safari hii ya nne sikucheka. Ukishajua yanayokuja, unaona huyo mzee anajaribu kushikilia nini kwa mikono miwili, na unaona kwamba maua ndiyo sehemu rahisi.

(Ndiyo, huyo Mira Nair ndiye mamake Zohran Mamdani, aliyechaguliwa kuwa meya wa New York mwaka 2025. Lakini sisi wa huku tulikuwa tunamjua kitambo kama yule mama aliyeanzisha Maisha Film Lab pale Kampala, na filamu hii ilishinda Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2001, wakati huyo meya alikuwa bado mtoto wa shule. Tuendelee.)

Kuna methali inayotawala harusi za kwetu kuliko neno lolote la mchungaji au kadhi: funika kombe mwanaharamu apite. Nenda harusi yoyote, iwe Kitale au Kilifi, utaiona ikifanya kazi. Baba na mama walioachana miaka kumi iliyopita wameketishwa meza kuu moja, na katikati yao kaketishwa mzee wa kanisa awe ukuta. Mama wa kambo amevaa rangi ambayo aliambiwa asivae. Shangazi kanuna kwa sababu hakuingizwa kwenye grupu ya kamati ya harusi. Halafu yupo yule mjomba. Kila ukoo unaye. Yule aliyelipia watoto wa watu karo, anayepewa maikrofoni kwanza, na ambaye wanawake wa jikoni, bila kuelezana kwa nini, huhakikisha haachwi peke yake na wasichana wadogo.

Mzazi mwenye mtoto anayeoa au kuolewa hupewa ushauri mmoja tu kuhusu haya yote. Vumilia. Ni siku ya mtoto. Wageni wakienda, tutaongea. Na kila mtu anajua wageni wakienda hakuna kinachoongewa, kwa sababu watu wamechoka, sufuria za kukodi zinarudishwa, na kombe limeshazoea kufunikwa.

Hadithi nyingi za harusi zinakubaliana na ushauri huo, na nadhani ndiyo maana nyingi ni nyepesi. Chukua The Wedding Party, filamu ya Nigeria ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Kemi Adetiba. Naipenda, sijui nani haipendi. Sola Sobowale akiwa mamake bibi harusi ni burudani ya peke yake, hasa anapoingiza mpishi wake wa kisirisiri kwa sababu haamini kwamba chakula cha waliolipwa kupika kinaweza kumshibisha Myoruba. Lakini wazazi wa bwana harusi wana ndoa iliyooza siku nyingi, na sinema inaiweka hapo kama pilipili kwenye mchuzi: inakuwasha kidogo, kisha ukifika usiku watu washapatana na muziki unaendelea. Miaka ya usaliti kwisha kwa saa chache. Ni vichekesho, sawa, vichekesho vina haki yake. Ila ukitoka pale unatoka ukiamini kwamba harusi ya mtoto ni dawa ya ndoa ya wazazi. Sijawahi kuona dawa hiyo ikifanya kazi. Nimeona kinyume chake.

Kazi iliyothubutu kuonyesha kinyume chake tunayo hapa hapa, tena tumeisoma vibaya. Nasema Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda. Ilichezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, katika ukumbi wa wazi ambao wanakijiji walijijengea wenyewe. Serikali ikaifutia kibali baada ya wiki chache, na kufikia mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Hiyo ndiyo historia inayosimuliwa kila mara, na inastahili kusimuliwa. Nilifunzwa tamthilia hii chuoni, katika muda mfupi niliodumu chuoni, na tulifunzwa tabaka, ubepari na dini inayowalaza maskini usingizi. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyetuuliza swali la kishangazi kabisa: hawa wazee wawili walikuwa wanamfanyia nani harusi?

Manake angalia mambo yalivyo. Kĩgũũnda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu, na hati ya shamba hilo kaitundika ukutani kama picha ya marehemu. Yeye na mkewe Wangeci wana binti, Gathoni, anayetembea na John Mũhũũni, mwana wa Kĩoi, tajiri na mwajiri wa Kĩgũũnda. Siku moja Kĩoi na mkewe wanatuma ujumbe kwamba watakuja kuwatembelea. Wazee wanaanza kupiga hesabu. Tajiri haji kwa maskini bure, lazima anakuja kuposa. Kumbe Kĩoi anakuja kuwaambia kwamba wao wawili, Kĩgũũnda na Wangeci, wanaishi dhambini kwa kuoana kimila, na wafunge ndoa kanisani. Kĩgũũnda anawatoa mbio na upanga. Halafu, wageni wakishaondoka, matumaini yanaanza kuwadanganya: huenda hawa wanataka tusafike kwanza ndipo koo zetu ziungane. Wanaweka shamba rehani, wanachukua mkopo wa benki, wananunua mavazi ya harusi.

Hiyo ndiyo harusi pekee inayoandaliwa katika tamthilia nzima, na ni harusi ya wazazi. Bibi harusi wanayemwaza hajaulizwa lolote. Gathoni anarudi nyumbani akilia, ana mimba, na Mũhũũni kamkana. Wazazi wanakwenda kwa Kĩoi kudai haki na wanatoka huko wakielekezewa bunduki. Kazi inakwisha, mkopo unadaiwa, shamba linapigwa mnada na mnunuzi ni Kĩoi. Gathoni anaishia kufanya kazi baa, na habari zake tunazisikia kwa midomo ya wengine.

Mhakiki wa tabaka atasema Kĩoi alimla Kĩgũũnda. Ni kweli alimla. Lakini mlango aliingilia wapi? Aliingilia kwenye hamu ya mzazi kuonekana mzazi wa maana siku ya mtoto wake. Hakuna mzazi asiyeijua hamu hiyo. Ndiyo inayomfanya mtu auze ng'ombe wawili ili wakwe wasimdharau kwa sababu ya tenti. Na jirani yao Gĩcaamba, ambaye mihadhara hupenda kumnukuu kuhusu viwanda na wafanyakazi, ndiye pia anayewakataza wazee wasimwite binti yao malaya. Hiyo sentensi yake ya kifamilia kwangu ina uzito sawa na hotuba zake zote za kiwandani. Ni yeye peke yake anayekumbuka kwamba katika hesabu zote za shamba na suti kulikuwa na mtoto.

Sasa turudi Delhi, kwa sababu Lalit Verma ni Kĩgũũnda mwenye gari. Msishtuke. Yeye ni mfanyabiashara wa nguo za kuuza nje, nyumba yake ina bustani na wafanyakazi, lakini harusi hii nayo ni ya kukopa. Kuna mahali anamwomba rafiki pesa wakiwa kwenye uwanja wa gofu, na uso wake pale ni uso wa mtu anayeomba unga dukani kwa deni. Anagombana na Dubey, yule fundi wa mahema, kwa sababu hema ni jeupe na kwao nyeupe ni rangi ya msiba. Dubey anataka nyongeza ili hema lisipitishe maji. Binti yake Aditi anaolewa na Hemant, mhandisi anayeishi Houston, mtu ambaye hamjui vizuri, huku bado ana mambo na mwanamume mwenye mke. Mkewe Lalit, Pimmi, anajificha chooni kuvuta sigara.

Nisimame kidogo kwenye hiyo sigara. Katika filamu nzima hakuna picha inayosema ukweli mtupu kuhusu mamake bibi harusi kuliko hiyo. Nje kuna jamaa kutoka mabara matatu, kila mmoja na kinyongo chake, kila mmoja anahitaji chai. Mama ana dakika tano na mlango unaofungwa kwa ndani. Hakuna hotuba, hakuna kilio. Ukimwuliza mama yeyote aliyewahi kuozesha jinsi alivyomudu siku ile, atakutajia Mungu, lakini ukikaa naye sana atakutajia choo, stoo, au nyuma ya tangi la maji.

Ndani ya msongamano huu anaingia Tej. Ameoa dada yake Lalit, anaishi Marekani, ana pesa, na ndiye aliyeisaidia familia hii wakati haikuwa na kitu. Kila mtu anainuka akiingia. Yeye ndiye yule mjomba. Ria, binti wa marehemu kakake Lalit, aliyelelewa katika nyumba hii kama mtoto wao, anataka kuwa mwandishi, na Tej anatangaza mbele ya watu kwamba atamlipia masomo huko Marekani. Watu wanafurahi. Ria hafurahi, na sisi tunaotazama tunadhani ana kiburi. Kisha tunaanza kuangalia jinsi anavyomwangalia Tej akiwa karibu na Aliya, mtoto wa kike wa jamaa yao, na taratibu tunaelewa kwamba Ria anakiona kitu anachokijua. Usiku wa ngoma, Tej anataka kumpeleka Aliya kwa gari. Ria anasimama mbele ya gari. Anasema mbele ya wote kile ambacho Tej alimfanyia alipokuwa mdogo.

Mwandishi wa filamu mwepesi angemaliza hapo: baba anapiga ngumi, mhalifu anaanguka kwenye keki. Sabrina Dhawan, aliyeandika hii, anafanya jambo gumu zaidi. Anamwacha Lalit asifanye chochote. Usiku unapita. Mzee analia kitandani. Asubuhi anamwendea Ria na kumsihi arudi nyumbani, na hamwahidi kitu. Anachosema, ukikichuja, ni kwamba huyu ni shemeji yangu, ukoo huu ndio kila kitu nilicho nacho, nifanye nini? Kwa ufupi anamwomba Ria afunike kombe. Na Ria anarudi. Anavaa, anasimama na wengine.

Naseeruddin Shah anaigiza haya kama mtu mwenye homa. Ukimtazama huoni mwoga, na hilo ndilo linaloniuma. Unaona mtu mwema ambaye wema wake wote ameufunga pamoja na deni. Wakati Kĩgũũnda alichomoa upanga mara mbili asifike popote, Lalit hana upanga, ana heshima tu, na heshima imemfunga mikono. Tej hakuhitaji kutisha mtu. Alishalipa. Hapa ndipo hadithi hizi mbili zinakutana, ya Limuru na ya Delhi: mtu mwenye kuivunja nyumba ndiye huyo huyo ambaye nyumba inamdai shukrani, na siku ya harusi ndiyo siku shukrani hudaiwa hadharani, na kiti chake, na maikrofoni yake, na picha ya pamoja.

Ni mbele ya picha ambapo Lalit anageuka. Picha ya marehemu kakake, babake Ria, imewekwa ili familia itoe heshima kabla ya sherehe. Wote wamesimama pale, Tej naye kasimama. Na Lalit, kwa sauti ndogo, karibu ya kuomba radhi, anamwambia Tej aondoke. Dada yake anashangaa, watu wanashangaa. Anasema hawa ni watoto wake na atawalinda. Hakuna muziki wa kishujaa. Kamera ya Declan Quinn, ambayo filamu nzima inabebwa mkononi na kusukumwasukumwa kama mgeni aliyekosa kiti, inatulia kidogo. Mgeni wa heshima kafukuzwa siku ya harusi, na harusi inaendelea.

Ukisema neno aibu kwa Kiswahili, angalia linavyopenda kukaa. Tunasema aibu ya familia, aibu ya nyumba, tumeaibika. Hatusemi aibu ya Tej. Tukiipa nyumba nzima aibu ya mtu mmoja, basi nyumba nzima ina sababu ya kumficha. Lalit anachofanya pale mbele ya picha ni kumrudishia mwenyewe mzigo wake, na ajabu ni kwamba hata mvua haijanyesha bado na dunia haijaanguka. Aditi naye alishamweleza Hemant ukweli kuhusu yule mwanamume mwingine, na Hemant akakasirika, akafikiri, akarudi. Filamu inarudia hoja yake mara mbili kwa sauti tofauti: ukweli ulikuwa na uwezo wa kuvunja hii harusi na haukuivunja.

Kuna atakayesema, ah, hiyo ni sinema, na ni Wahindi. Huku kwetu mambo hayasemwi hivyo. Je, ni kweli hayasemwi? Pwani harusi haijawahi kujifanya kwamba watu wote wanapendana. Taarab inapopigwa, mwanamke akisikia ubeti unaomfaa hasimu wake anainuka, anatembea polepole, anakwenda kutunza, na njiani anapita mbele ya mwenye kuambiwa ili asije akasema hakuelewa. Leso zinavaliwa kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa juu yake. Ugomvi umepewa kiti chake pale ukumbini, umepewa hata wapiga fidla. Hiyo ni hekima kubwa kuliko ile ya kombe, na wahakiki wetu wa filamu wangefaidi kuiangalia. Lakini ina mpaka wake. Kijembe ni mchezo wa watu wazima wawili wanaojuana, na wote wanajua ubeti umeelekezwa wapi. Aliya hana pesa ya kutunza wala leso ya kumsemea. Kwa mtoto kama huyo, lazima mtu mzima aongee lugha isiyo na mafumbo.

Baada ya hapo mvua inanyesha, na hapa mimi na Mira Nair tunaachana kidogo. Watu wanacheza tope likiwarukia, Dubey kaoa Alice, mfanyakazi wa nyumba, na hata Ria anapata kijana wa kutazamana naye. Naelewa kwa nini. Filamu yenye mvua kwenye jina lazima inyeshe, na ilipigwa kwa siku 30 tu, mtu anahitaji kumaliza na furaha. Ila ile mvua inafunika mengi. Hatuambiwi nini kitampata Aliya mwezi ujao. Hatuambiwi nani atalipa mkopo wa rafiki wa gofu. Na Varun, mtoto wa kiume wa Lalit, anayependa kupika na kucheza dansi, ambaye babake anatishia kumpeleka shule ya bweni akakomae awe mwanamume, naye yumo katika wale watoto ambao baba kaapa kuwalinda. Amlinde na nani? Filamu inaijua hiyo kasoro, kwa sababu imetuonyesha yule kijana akinyamaza mezani, lakini inaiacha icheze kwenye mvua pamoja na wengine.

Na zaidi ya wote kuna dada yake Lalit, mkewe Tej. Kila nikifika pale mbele ya picha ya marehemu najikuta namwangalia yeye. Kakake amemfukuza mumewe mbele ya ukoo wote, na lazima amfukuze, nakubali kabisa. Lakini yeye naye alizaliwa katika ukoo huo. Naye aliwahi kuwa bibi harusi wao, na bila shaka kulikuwa na hema na maua na mtu wa kuokota yaliyoanguka. Lalit ana Pimmi wa kulia naye usiku. Ria ana Lalit sasa. Filamu haina muda na huyu mama, inarudi haraka kwenye ngoma. Kesho yake, mahema yakishakunjwa na jamaa wa Houston wakielekea uwanja wa ndege, kuna nyumba moja ambayo simu italia au haitalia, na sijui kati ya wale wote waliokuwa wakicheza ni nani atakayeipiga.